Kitabu Kisichokaa Rafuni

Miaka ile kabla ya korona tulikuwa wanawake watatu katika nyumba moja ya kupanga mtaani Selly Oak, huku ughaibuni, sote tukihudumia wazee. Kitabu changu cha mashairi ya mapenzi hakikukaa rafuni hata siku moja. Mwenzangu mmoja alinakili beti akamtumia mumewe Nakuru kwa simu, kana kwamba kazitunga yeye.

“Huo ni wizi,” nikamwambia.

“Mume wangu amefurahi. Wewe inakuuma nini?”

Yule wa pili, mjane, ndiye aliyekisoma zaidi. Nikamuuliza kwa ukali yeye anamtumia nani.

“Simtumii mtu, dada. Marehemu hakuwa mtu wa maneno. Nasoma nijue alikuwa anataka kuniambia nini.”