Ile Filamu ya Samurai Imeleta Maneno Kati Yangu na Mume Wangu

Admin, unifichie jina, maana hapa Hillbrow, Johannesburg, tunajuana na ukurasa huu wanausoma hata kina mama wa kanisani kwetu. Nina miaka ishirini na saba, Mkongomani wa Uvira, mama wa watoto wawili, mdogo bado ananyonya. Nasuka nywele saluni. Mume wangu ni mlinzi kwenye jengo la maofisi. Hanipigi, hanywi, hana mambo ya wanawake. Naanza na hilo ili msiandike "achana naye" kabla hamjamaliza kusoma. Mimi shida yangu ni kuchoka.

Tunapanga chumba kimoja, tumekigawa kwa pazia. Nyuma ya pazia tunalala sisi na watoto, mbele wanalala wageni. Kwetu, mtu akishuka kwenye basi pale Park Station hana mwenyeji, anatafutiwa ndugu wa kumpokea, na akishaingia kwako haulizwi anaondoka lini. Kumuuliza ni kumfukuza. Tangu ile vurugu ya kupiga watu wa nchi za nje, mume wangu ndiyo akazidi. Mmoja akipata kazi akahama, mwingine yuko kwenye ngazi na begi lake. Wanamwita Papa wa Watu. Mchungaji alimsifu mbele ya kanisa zima, watu wakapiga makofi, mimi niko nje nambadilisha mtoto nepi.

Lakini bugali ya wote napika mimi. Sufuria naosha mimi. Bafu nangoja mpaka wanaume wamalize, na joto la Januari nanyonyesha nimejifunika shuka kwa sababu hapo mbele kuna mgeni.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyekaa nasi sana. Siku moja naandaa majani ya muhogo, akaonja, akasema, "Mama, hii sombe mawese yake yamebaki Congo?" Wenzake wakacheka. Mimi mtoto yuko mgongoni analia, sijakaa tangu asubuhi. Nikamuuliza, "Mzee, wewe unahama lini?"

Jamani. Aliweka tonge chini. Mume wangu akaangalia ukuta. Kesho yake mzee akaondoka, na jengo zima likajua kwa nini.

Mume wangu hakunigombeza. Jumapili baada ya ibada akaja na DVD aliyonunua kwa wale wanaotandaza barabarani. "Mama, kaa hapa. Hii itakufundisha kitu." Filamu ya Kijapani, ya samurai. Nikajua watakatana vichwa. Kumbe ni ya polepole, samurai fukara anaishi na mkewe kwenye kijumba njia ya mlimani, na kila msafiri aliyeshikwa na theluji anampokea. Upanga wake hata hautoki. Wenzake wanamcheka, yeye anatabasamu tu. Chini kunaandikwa Kiingereza, mume wangu anasoma ananitafsiria. "Umesikia? Anasema huyu ana baridi, mengine tutamuuliza kesho. Umesikia hapo?"

Mimi Kiingereza sisomi haraka, basi nikawa naangalia nyuso. Na nikaona kitu. Mlango ukigongwa, yule samurai hainuki. Kwanza anamgeukia mke wake. Mke anaweza kuwa anashona, anaweza kuwa anaumwa. Anamwangalia mumewe, anainamisha kichwa kidogo, ndipo mwanaume anaenda kufungua. Hapo hakuna maneno yaliyoandikwa, kwa hiyo mume wangu hakuwa na cha kutafsiri. Na mara moja mke hakuinamisha kichwa. Samurai akatoka, akamvika msafiri koti lake, akampeleka kwa jirani kwenye ile theluji, akarudi, akakaa akamkanda mkewe miguu. Hapo nililia.

"Rudisha nyuma kidogo," nikamwambia. "Umeona? Anamuuliza."

"Mbona hajasema kitu?"

"Anamuuliza. Wewe uliniuliza lini?"

Kisha akasema, "Ningekuuliza, ungekataa."

"Siku zingine ningekataa. Siku nyingi ningekubali. Ulishajaribu?"

Nilidhani tumeelewana. Sasa mtu akipiga simu, mume wangu anamjibu mbele yangu, "Ndugu yangu, mimi sina shida, ni mke wangu hataki." Hajaniuliza! Kijana wa Burundi alifika mlangoni na begi, akaambiwa hivyohivyo, mimi nimesimama pale na mwiko mkononi. Kanisani kina mama wananisalimia kwa ncha za vidole. Saluni wananitania, "Eish, Mama Imigresheni, leo umerudisha nani?" Nacheka nao, halafu naenda chooni nalia.

Wiki hii wifi yangu, mdogo wa mume wangu, amepiga simu kutoka Musina, kule mpakani. Amevuka mpaka na watoto wake, hana pa kufikia. Mume wangu akamsikiliza, kisha akaninyooshea simu. "Ongea na mwenye nyumba." Wifi analia, "Wifi yangu, nikuje ao nisikuje?" Ningesema nini? Nikamwambia, "Kuja, mama, kuja na watoto." Mume wangu akatabasamu. "Umeona? Umemwita wewe mwenyewe." Najua siku nikichoka atanirudishia neno hilo.

Sikutaka kupewa mlango peke yangu. Wala sikutaka mume wangu awe mtu wa kufukuza watu, maana niliolewa naye kwa sababu ya ile huruma yake. Nilitaka tu na mimi niwe mmoja wa watu anaowahurumia.

Wifi anafika Ijumaa. Nitampikia, nitamtandikia, watoto wake nitawaogesha pamoja na wangu. Ila kabla hajaingia nataka kukaa na mume wangu tuseme ukweli, bila yeye kuona nimemshinda na bila mimi kumeza maneno tena. Kila nikifungua mdomo, nachoka kabla sijaanza. Ninyi mlio kwenye ndoa na nyumba zenu hazikosi wageni, kwenu anaamua nani, na mnaambianaje? Nipeni maneno, ndugu zangu. Nimwambie nini?