Siku Baba Alipofungwa Mtini

Wiki iliyopita niliona vijana wakikata mgunga hapa mtaani Bulla Pesa, kofia ngumu vichwani, msumeno wa mafuta ukinguruma. Harufu ya mti mbichi ilinirudisha kwenye alasiri moja ya utotoni.

Mama na mimi tulikuwa tumempelekea baba chakula kwa Mama Halima, ambaye nyumba yake ilikuwa imeinamiwa na tawi kubwa la mgunga. Nilipoinua macho nilimwona baba juu, kamba kiunoni, kama beberu aliyeletwa sokoni.

"Mama, wamemfunga!" nililia. "Amefanya nini?"

"Nyamaza wewe," mama alisema akicheka. "Amejifunga mwenyewe."

Sikuamini. Nani hujifunga mwenyewe?

Panga lililia, ko, ko, ko. Mama Halima alishika kichwa. "Wallahi, Baba Mwenda, mabati yangu!" Lakini baba alikuwa amelifunga tawi pia, nalo likashuka polepole kama ngamia anayepiga magoti, bila kugusa paa. Mbuzi wa mtaa mzima wakalivamia.

Kazi hiyo ya kukata miti ndiyo iliyotulisha na kunisomesha. Nilipomaliza sekondari niliidharau, nikaenda kutafuta kiti cha ofisi. Kosa hilo ni langu. Siku ile, hata hivyo, nilikuwa upande wake kabisa. Alipokanyaga chini tu nililirukia fundo la kamba kwa kucha na meno.

"Kimbia, baba!" nilimnong'oneza. "Kabla hawajakufunga tena."

Alinibeba mabegani, jasho lake likinuka utomvu, akaita kwa sauti, "Mama Halima, leta chai mbili. Wakili wangu amefika."