Mtani Aliyepeleka Tanzia Kasense

Likizo ya mwisho kabla hatujapelekwa Msumbiji, Deo alinipeleka kwao Kasense. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka ya Sumbawanga yameanza kujaa sabuni na mitumba, nasi tulifika na mabegi yetu tukijiona matajiri. Deo alikuwa Mfipa. Mimi ni Msukuma, wazazi wangu walihamia Rukwa na ng'ombe wao. Basi tulikuwa watani tangu hatujazaliwa, na jeshini hatukupumzika: yeye akiniita mkia wa ng'ombe, mimi nikimwita gunia la ulezi.

Mama yake alituzidi sote. Jioni moja Deo alipochelewa kurudi, nilimwambia nimemuuza mwanawe kwa ndama wawili.

"Wawili?" akasema Mama Deo. "Aliyenunua amepunjwa. Yule hana kazi ila kula."

Msumbiji tulilinda barabara iliyopitisha magari ya chakula. Asubuhi moja mimi na Deo tulikuwa tunabishana zamu ya kupika ni ya nani.

Risasi zikatoka kwenye majani.

Tukalala chini.

Deo hakuinuka.

Tulimzika kule kule. Mimi nikarudishwa pamoja na afande mmoja, mtu wa pwani, kuwapa wazazi taarifa. Tulipofika Kasense nilimwomba anisubiri kwenye gari. Huku tanzia hupelekwa na mtani, nilimwambia, tena mama huyu ananijua. Afande hakubisha. Nadhani alishukuru.

Mama Deo alikuwa uani akipepeta maharage na majirani zake wawili. Aliponiona aliuweka ungo chini kwa furaha.

"Haya, mkia wa ng'ombe umefika! Mwenzako yuko wapi?"

"Shikamoo, mama. Deo amefariki."

Wakacheka wote watatu.

"Mwongo mkubwa we! Safari hii umemuuza kwa ng'ombe wangapi?"

Nikarudia. Wakacheka zaidi, jirani mmoja akapiga makofi. Hapo nikaona balaa niliyojitakia: katika Tanzania nzima, mtu ambaye mama huyu asingemwamini kwa neno hilo alikuwa mimi. Na yeye alikuwa anacheka kifo cha mwanawe. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kule barabarani.

"Jibu basi, mtani. Ng'ombe wangapi?"

Nikatafuta neno.

Sikulipata.

Mtani hakosi jibu. Mama Deo alinitazama mdomoni akisubiri, kicheko bado kiko usoni, na kidogo kidogo akaelewa. Akakaa chini, juu ya maharage yake.

"Nijibu, mwanangu," akasema taratibu. Majirani walikuwa wameshaanza kulia.

Siku ya kuanua matanga wazee walinikumbusha kuwa kazi yangu ya utani haijaisha, bado kumwigiza marehemu. Nikavaa koti la Deo aliloliacha nyumbani, nikatembea kama yeye, kifua mbele na miguu nje. Nikadai ugali wa ulezi, nikalalamika kwamba mboga haina chumvi, nikawakemea waombolezaji kwa kunimalizia pombe. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Afande alidhani tumerukwa na akili, kisha naye akashindwa kujizuia. Mama Deo alilia na kucheka kwa pamoja, akanikimbiza uani na mwiko. Nilifurahi, nasema kweli. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufurahi tangu tumzike.

Watu walipoanza kuondoka nikataka kulivua lile koti. Akanishika mkono.

"Ngoja kwanza," akasema. "Anywe chai."

Akamimina, akatia sukari nyingi alivyopenda mwanawe, akakaa mbele yangu. Hakunitazama mimi, alilitazama koti. Nilikunywa polepole nilivyoweza, lakini kikombe kina mwisho. Nikalivua, nikalikunja, nikampa.

Deo alikufa saa ile.