Trufena na Trufosa

Kila ninapopita mahali mtu anapikia jiko la vumbi la mbao, lile linaloshindiliwa kwenye debe likaungua polepole toka asubuhi hadi jioni, macho hunitoka machozi, na si kwa sababu ya moshi peke yake. Nyumba yetu ya mtaa wa Pioneer ilinuka hivyo. Baba alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha kupasua mbao hapa Eldoret, na jioni alirudi na gunia la vumbi begani.

Tulizaliwa mapacha. Nyanya, mama wa kanisa asiyetaniwa, alifungua Biblia akatupa majina ya wanawake wawili wanaosalimiwa pamoja katika barua ya Paulo: Trufena na Trufosa. Katikati tukapata ya Kibukusu, Mukhwana kwa mwenzangu aliyetangulia kuzaliwa na Mulongo kwangu niliyefuata. Kwa kifupi tulikuwa Fena na Fosa. Shuleni, darasa lilijaa akina Sharon na Mercy, na watoto walituuliza wajukuu wetu tumewaachia nani nyumbani. Fena alicheka pamoja nao. Mimi nililia, naye akanifuta kwa mkono wa sweta yake.

Tulikuwa darasa la tatu Julai ile ya baridi kali. Fena alianza kukohoa Jumapili, na kabla wiki haijaisha alikuwa anavuta pumzi kwa shida, mbavu zikiingia ndani. Baba na mama walimpakata katikati yao kwenye boda boda wakaenda naye hospitali. Walirudi bila yeye. Nimonia, walisema. Tulimzika kwetu Bungoma akiwa na sweta yake, nami nikasimama kando ya kaburi nimevaa yangu inayofanana nayo.

Baada ya mazishi dada yake baba, tuliyemwita Senge, alisema mbele ya wote kwamba jina langu libadilishwe. Nusu yake ilikuwa imeingia kaburini, alisema, na ingeivuta iliyobaki. Baba akamjibu kwamba jina la ubatizo halibadilishwi. Walibishana mpaka chai ikapoa.

Mama alikuwa amezoea kutuita pamoja, Fena-Fosa, kama neno moja, hata akimtaka mmoja tu. Tangu siku hiyo hakuniita kabisa. Alisema "wewe", au alikuja hadi nilipo akanigusa bega. Kwa akili yangu ya kitoto niliamini kwamba angependa mimi ndiye niliyekufa. Kwa hiyo mwaka uliofuata, tulipohamia Yamumbi na mwalimu wa shule mpya akaniuliza jina, nilimwambia Sharon. Niliona nimewasaidia wote. Senge angeridhika, watoto hawangenicheka, na mama angepata jina jepesi la kuita.

Sharon aliishi muhula mmoja tu. Siku ya wazazi mwalimu alimpongeza mama kwamba Sharon wake anasoma vizuri. Mama alinitazama.

"Sharon mimi simjui," akamwambia mwalimu taratibu. "Mimi nilizaa Trufosa."

Sauti ilimtoka ikiwa imekauka, kama ya mtu aliyekaa siku nyingi bila kuongea. Kisha akaketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yakimfika kifuani, akalia mbele ya wazazi wenzake. Nilisimama karibu naye nisijue mikono yangu niiweke wapi.

Tangu hapo ameniita Trufosa, jina zima bila kulikata, mpaka leo. Ila kila mara hunyamaza kidogo kabla ya kulitamka. Nikiwa mtoto nilidhani anajikumbusha mimi ni nani. Nilikuja kuelewa baada ya kuzaa wangu. Katika kimya kile alikuwa anamwita mwenzangu kwanza.