Pua Iliyojua Magari

Gereji nzima ilimwita fundi huyu Pua, na si kwa ukubwa wa pua yake tu, ingawa nao haukuwa wa kuficha. Gari likiingia, alisimama getini mikono mfukoni, akanusa mara moja, akasema: "Hili linazidiwa mafuta, klachi inaungua, na wewe dereva hujaoga." Hakukosea, hasa kwenye hilo la tatu.

Masika yaliyopita homa ikamlaza wiki mbili. Aliponyanyuka, kila kitu kilirudi isipokuwa harufu. Akanusa petroli, akanusa kitunguu, akanusa soksi zake mwenyewe: kimya, kama kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Hakumwambia mtu. Fundi Pua asiye na pua angeitwa nani? Siku moja akausifu wali wa mkewe, akaomba na ukoko. Wali ule ulikuwa umeungua mpaka majirani wakafunga madirisha.

Jumanne moja shemeji yake, kaka wa mkewe, akaleta lori lake kuukuu. Lilikohoa moshi mweusi, likazimika katikati ya gereji. Akapiga stata, likagoma. Akapiga tena na tena, likanuna kabisa.

"Pua, nusa utuambie," alisema akishuka. "Mbona unalizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia?"

"Shemeji, daktari haharakishwi."

Akainamia injini, akavuta pumzi kwa madaha yake ya zamani. Hakupata kitu. Ikabidi atumie macho kama mafundi wa kawaida. Akafungua plagi: nyeusi, zimelowa chapachapa. Mafuta yanazidi. Akafungua kabureta, akatoa sindano inayoziba njia ya petroli. Ilikuwa safi, haijalika. Basi akatoa boya, kile kikopo cha shaba kinachoelea ndani na kuisukuma sindano ifunge petroli ikitosha. Akalitikisa sikioni. Chwa, chwa. Boya limetoboka, limejaa petroli, linazama badala ya kuelea. Sindano haifungi, kabureta inafurika.

Moyo ukamtulia kwa mara ya kwanza tangu masika. Kumbe hata sikio ni fundi! Akachukua jiko la mkaa ili achemshe maji ya kutafutia tundu, akalitua kivulini, karibu na gurudumu la mbele. Akatoa kiberiti.

"Pua! Una wazimu?"

Shemeji alimrukia, kiberiti kikaanguka kule. Petroli iliyofurika wakati stata inapigwa ilikuwa imetuama chini ya lori, dimbwi la kuogelea bata, hatua moja kutoka kwenye jiko. Mchomeleaji wa banda la pili akaja mbio na ndoo ya mchanga, amejiziba pua kwa kola ya shati.

"Harufu yote hii, mpaka barabarani inafika," shemeji alisema. "Wewe hukuisikia?"

Pua akafungua kinywa atoe utani. Haukuja.

"Tangu ile homa, shemeji. Sisikii chochote."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Jiko likahamishiwa ukutani, mbali, na mchomeleaji ndiye aliyeliwasha. Boya lilipozamishwa kwenye maji ya moto, vipovu vikaonyesha tundu. Pua akalitoa petroli yote, akalikausha, akaliziba kwa lehemu. Alasiri lori likawaka kwa stata ya kwanza. Mwaka mzima hakuwa amefanya kazi safi kama ile.

Shemeji akapanda, akashusha kioo. Miaka ishirini alikuwa akimwita Pua, hata msibani.

"Asante, fundi," alisema taratibu, kama anayeaga wodini. Akaondoka.

Kesho yake asubuhi teksi ikaingia getini. Kwa mazoea wote wakageuka kumtazama Pua, kisha wakakumbuka, wakatazama chini. Mchomeleaji akakohoa kidogo, akanusa mwenyewe.

"Nadhani breki," alisema.

Pua akaitikia kwa kichwa. Hakuwa na njia ya kujua kama mwenzake amepatia.