Nieves na Kisanduku cha Mwandishi

Siku ya kwanza Casimira Villca alipoingia maktaba ya chuo kikuu, pale Oruro, mji wa baridi wa milimani, hakwenda kusoma. Alikwenda kufanya biashara. Duka lake la fotokopi na kujalidi tasnifu lilikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na lango kuu, na kwa mwaka mzima alikuwa akiwaona wanafunzi wakichukua tasnifu zao asubuhi na kuzirudisha wiki iliyofuata, jalada jipya limeng'olewa, kwa sababu mwalimu amesema orodha ya marejeo haifai hata kufungia vitumbua. Wachache hawakuzirudisha kamwe. Hao alipokutana nao barabarani akawauliza, wote walimtajia mtu mmoja: doña Nieves, yaani bibi Nieves, dawati la chini.

Alimkuta mwanamke mwembamba wa miaka arobaini na kitu, sweta mbili moja juu ya nyingine, anamfokea kijana aliyekaa mbele ya kompyuta.

"Umeandika swali zima kwenye kisanduku kimoja, umepata makala elfu arobaini. Utazisoma lini, mwanangu? Ukistaafu?"

Casimira alingoja kijana aondoke.

"Ndiye wewe unayewatafutia watoto makala?"

"Siwatafutii. Nawafundisha kutafuta."

"Watafutie. Waje dukani kwangu, wewe utafute, mimi nijalidi, tugawane."

"Hapana, doña. Nikiwatafutia leo, mwakani nitakuwa nawaandikia."

Casimira hakukasirika. Mtu anayekataa haraka huwa ana kitu anachokitaka, na kazi ya mfanyabiashara ni kukiona. Aliangaza macho kwenye rafu. Nusu ya vitabu vilikuwa vimefungwa kwa kamba ya magunia ya viazi, migongo imeachia.

"Vitabu vyako vinakufa."

"Naviona."

"Nitakujalidia kumi kila mwezi. Wewe njoo dukani Jumamosi asubuhi, ufundishe."

"Kumi na vitano. Na api ya moto, ule uji wa mahindi ya zambarau, maana duka lako nimepita, ni baridi kuliko hapa."

"Kumi na viwili. Api juu yangu."

Walipeana mkono. Casimira alitoka akijua amemshinda, na alipofika katikati ya barabara akaanza kushuku kwamba ameshindwa.

Jumamosi ya kwanza aliuelewa ufundi ule kabla ya wanafunzi, kwa sababu Nieves alifundisha kama mtu wa sokoni. Hifadhidata ya majarida, alisema, ni soko. Ukisimama mlangoni ukapiga kelele "chakula", kila mtu atakuitikia na hutanunua kitu. Kuna kisanduku cha mwandishi, cha kichwa cha makala, cha muhtasari, cha taasisi, cha mwaka. Ukimtaka mtu, nenda kwa mwandishi. Ukitaka jambo, nenda kwa kichwa. "Na hiki cha taasisi," alisema akigonga kioo kwa kalamu, "hakuna anayekifungua. Hiki ndicho kinachosema nani alikuwa wapi, na lini. Kina umbea kuliko shangazi yako."

Hivyo ndivyo Casimira alivyomfahamu, kikombe cha api kwa kikombe cha api. Nieves Condarco Urquieta alikuwa mfanyakazi wa mkataba kwa miaka kumi na mmoja, mkataba unaosainiwa upya kila Januari kama hisani. Kabla ya maktaba alikuwa msaidizi kwenye maabara ya udongo, na yeye na mzee mmoja mtaalamu wa kilimo waliandika makala tatu kuhusu chumvi kwenye mashamba ya nafaka ya kinoa. Mzee alikufa, maabara ikafungwa, jarida lililochapisha makala hizo nalo likafa. Nieves akateremshwa dawati la chini.

Ndipo ikatangazwa nafasi ya kudumu: mkuu wa huduma za utafutaji. Kazi ileile aliyokuwa akiifanya, ila sasa ina pensheni. Sharti moja zito: makala tatu zinazoonekana kwenye hifadhidata. Waombaji wasilete nakala, tangazo lilisema. Watoe orodha, kamati itathibitisha yenyewe.

"Umejitafuta?" Casimira alimuuliza.

"Nijitafute kwa nini? Najua niliko."

Wiki hiyo hiyo faili la mwombaji mwingine lilifika dukani kujalidiwa. Néstor Urquieta, bwana wa makamo aliyerudi kutoka Santa Cruz, viatu vinang'aa. Alitaka jina lake kwa herufi za dhahabu: Néstor C. Urquieta.

"Na la mama?" Casimira aliuliza. Kwao kila mtu hutembea na majina mawili ya ukoo, la baba kisha la mama, na katika miaka ishirini ya kupiga dhahabu migongoni mwa tasnifu hakuwahi kuombwa aache moja.

"Inatosha hivyo, doña."

Akapiga. Mteja ni mteja. Lakini aliliweka moyoni, kwa sababu mtu haachi jina la mama yake barabarani bila sababu.

Matokeo yalibandikwa Jumanne. Condarco, Nieves: makala sifuri. Urquieta, Néstor: makala tatu. Chini yake, kwa herufi ndogo, kamati ilisikitika kwamba mwombaji wa kwanza alitoa maelezo yasiyothibitika.

Nieves alikuja dukani na karatasi mkononi. Hakulia. Alikaa kwenye kompyuta ya Jumamosi na kuandika Condarco kwenye kisanduku cha mwandishi. Sifuri. Akafuta. Akaacha mwandishi wazi, akaenda kwenye taasisi, akaandika jina la maabara ya udongo. Makala kumi na nane zikashuka. Ya nne, ya tisa na ya kumi na moja zilikuwa zake, kila neno la kichwa, na pembeni mwandishi: Urquieta, N. C.

"Wameniweka chini ya mama yangu," alisema.

Aliyeijenga hifadhidata ile alikuwa mtu wa nchi ambako jina la mwisho ndilo la ukoo, basi. La mama likapandishwa mbele. La baba likakatwa likabaki herufi moja. Na Néstor naye ana herufi ya pili ya C.

"Amezikuta hazina mwenyewe, akazivaa," Casimira alisema. Sauti ilimtoka kwa namna ambayo mteja aliyekuwa akingoja fotokopi alirudi nyuma hatua moja. Angeweza kuelewa mtu anayeiba viazi. Viazi vinaliwa. Lakini kumwibia mtu kazi yake kisha kumwandika mwongo ukutani, kwa muhuri, watu wapite na sambusa zao za salteña wasome, hilo hakulipatia mahali pa kuliweka.

Pia alijua bei yake. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mkuu wa kitivo, Daktari Baldivieso, na saini yake ndiyo iliyokuwa ikileta tasnifu zote za kitivo kwenye duka hili na si lingine. Aliifikiria saini hiyo siku mbili. Siku ya tatu, siku ya kikao cha pingamizi alilowasilisha Nieves, alifunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo hakufanya hata mumewe alipozikwa, maana alizikwa Jumapili.

Kikao kilikuwa cha wazi. Nieves alisimama mbele na nakala tatu za kale za makala zake, jina lake lote limechapishwa juu.

"Karatasi hizo hazikuwemo kwenye faili siku ya kufunga," alisema Daktari Baldivieso.

"Tangazo lilikataza nakala, Daktari."

"Ndiyo maana hatuwezi kuzipokea."

Nieves akawasha projekta. Akafungua kisanduku cha taasisi, akawaonyesha maabara, mwaka, makala. "Nilikuwa pale. Mikataba yangu iko ofisini kwenu. Huyu bwana hakuwahi kukanyaga maabara ile."

"Mfumo unasema Urquieta, N. C.," Daktari alisema kwa upole wa mtu anayesubiri chakula cha mchana. "Kamati inafuata mfumo. Hatuwezi kuanza kukisia."

Watu kumi na wawili ukumbini, wengi wao wamepita mikononi mwa Nieves, na hakuna aliyefungua mdomo. Profesa mmoja aliyefundishwa naye kutafuta alikuwa anakagua kucha zake. Casimira akasimama.

"Señora, wewe ni mhusika?"

"Mimi ni mjalidi. Jalada la faili la Néstor ni langu."

"Basi kaa."

"Kanuni inamruhusu yeyote aseme," alisema mwakilishi wa wanafunzi, msichana mwenye kitabu cha kanuni mapajani. Daktari alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Nina swali dogo tu," Casimira alisema. "Mfumo umechukua jina la mwisho la Nieves, la mama, umeliweka mbele. La baba umelikata. Sawa?"

"Hayo ni madai yake."

"Kama si kweli, litaonekana. Mfumo haumchagui mtu. Ukimkuta huyu bwana utamfanyia vilevile. Kwa hiyo tusimtafute kwa jina la baba. Tumtafute kwa la mama. Daktari, mama yake Néstor ni nani?"

Néstor aliangalia viatu vyake. Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Swali hilo halihusiani."

"Nakala ya kitambulisho imo kwenye faili," alisema yule msichana, na alikuwa tayari amelifungua. "Néstor Calixto Urquieta Baldivieso."

Mtu wa viti vya nyuma akasema, bila haraka, "Kumbe mjomba yuko mezani," na kicheko kikazunguka ukumbi kama moshi.

Nieves hakucheka. Aliandika Baldivieso kwenye kisanduku cha mwandishi, na Santa Cruz kwenye cha taasisi. Ilishuka makala moja, kuhusu lishe ya nguruwe. Mwandishi: Baldivieso, N. C. U.

"Hiyo ndiyo yako," alimwambia Néstor. "Moja. Si mbaya. Ungeiorodhesha hiyo."

Msomaji atadhani alipewa kazi. Hakupewa. Shindano lilifutwa kwa kasoro za utaratibu; hakuna kasoro iliyotajwa kwa jina. Néstor alijitoa kwa sababu za kiafya na siku hizi ana ofisi nzuri kwingine. Daktari Baldivieso bado ni mkuu wa kitivo. Januari, mkataba wa Nieves haukusainiwa, na aliyetumwa kumwambia alikuwa yule profesa wa kucha.

Tasnifu za kitivo zilihamia duka la karibu na kituo cha treni, ambako dhahabu inabanduka kabla ya mwanafunzi kuhitimu. Casimira alipoteza theluthi ya kazi yake. Alichopata ni Nieves, siku nne kwa wiki badala ya moja, na foleni ya wanafunzi inayofika hadi kwa muuza api. Vitabu kumi na viwili vya maktaba kila mwezi havijalidiwi tena.

Nieves aliwaandikia wenye hifadhidata barua tano. Baada ya miezi saba, ukiandika Condarco kwenye kisanduku cha mwandishi, zinashuka tatu. Siku zilipoonekana, aliziweka zile nakala za kale juu ya meza ya kujalidi.

"Nifungie pamoja. Majina yote mawili mgongoni."

"Utanipa nini?" Casimira aliuliza.

"Jumamosi mbili za ziada."

"Tatu."

"Mbili, na api nanunua mimi."

Casimira alivuta kisanduku cha herufi za dhahabu, akaanza kuchagua.