Nimefuata karatasi ya talaka, nimerudi mjane

Jamani, leo nimeambiwa mimi ni mjane.

Nilikwenda kwa kadhi hapa Malindi kuchukua nakala ya talaka yangu. Karani akafungua jalada la mwaka themanini na nne, akasoma, akanigeuzia.

"Mama, mumeo alikurejea. Ulikuwa bado umo edani. Saini yake hii hapa."

Talaka moja, mume akirejea ndani ya eda, ndoa ipo. Hilo nalijua. Nisilolijua ni kwamba Salim alirejea.

Siku moja, nikiwa edani, alikuja kwetu Ngomeni na baiskeli. Nilikuwa ndani, naisikia sauti yake barazani. Kaka akaingia, akaniambia, "Kafuata redio yake."

Nikaitoa. Niliifuta vumbi kwanza.

Kaka alimwambia Salim nini? Kaka naye keshakufa, sina wa kumuuliza.

Salim alifariki mwaka juzi. Hakuoa tena, nami nikisema ni kiburi.

Mngekuwa nyinyi mngefanyaje?

Karani kaniambia eda ya kufiwa nayo ilishapita, si lazima nikae bila pambo wala manukato.

Nimerudi nyumbani, nimevua kikuba changu cha asumini, nimekaa.